Mjibuni Mtoto Pale Alipo

Hotuba hii, ya kuwasaidia watoto wenye usonji (kwa Kiingereza autism) wapate lugha, niliitoa Lamu mjini mbele ya wazazi, walezi, walimu wa chekechea na walimu wa madrasa. Ndugu zetu wa Faza, Siyu na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, bahari ilichafuka wakashindwa kuvuka, nao ndio walioniomba niiandike yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikaziacha tu zile picha za ukutani.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, baba zangu, mabibi mliokuja na wajukuu, walimu, wauguzi, ahsanteni kwa kuitikia. Naona watoto wamo humu ndani. Mtoto akitaka kukimbia, mwacheni akimbie. Akipiga ukelele, apige. Leo hakuna mama atakayetoka hapa na haya usoni.

Kuna swali ambalo huniuliza karibu kila mama anayeniletea mtoto. Haliulizi mbele za watu. Hungoja mume atoke, au wifi ashuke ngazi, ndipo huinama na kusema: "Mwalimu, nimemfanya nini mwanangu?"

Hukumfanya kitu. Mama, hukumfanya kitu. Baba, nawe hukumfanya kitu. Usonji ni namna ubongo wa mtoto unavyojijenga, na ujenzi huo huanza mtoto angali tumboni. Urithi wa damu una sehemu kubwa. Hauletwi na mama kwenda kazini, hauletwi na talaka, hauletwi na chanjo. Ile makala ya mwaka 1998 iliyowatia watu hofu ya chanjo ya surua, jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010.

Lawama hii haikuanza mtaani kwetu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowaona na hali hii. Baada yake wataalamu wakaingiwa na dhana kwamba watoto hawa wamefungika kwa sababu mama zao hawana mapenzi. Bruno Bettelheim aliieneza dhana hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1967, na mama wangapi walilia usiku kwa maneno yale? Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaipinga tangu 1964. Na mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi, akawatangazia kwa mdomo wake kwamba amewaondolea lawama.

Amewaondolea lawama! Lakini sisi bado twaibeba. Mama mmoja wa mji huu alikwenda harusini na mwanawe. Mtoto akaziba masikio kwa ajili ya ngoma, akajitupa chini. Bibi mmoja mtu mzima akasema kwa sauti ya kusikika: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mama yule akamkunja mtoto kwenye buibui akatoka, na muda mrefu hakuhudhuria tena shughuli yoyote ya watu. Methali ile ina hekima yake kwa mambo ya adabu. Kwa mtoto mwenye usonji, haina haki ya kutiwa kinywani.

Sasa mtaniuliza: kama sisi si chanzo, umetuitia nini?

Nimewaita kwa sababu hali hii hamkuileta, na hata hivyo mkono wenu una kazi ndani yake. Yote mawili ni kweli, na nawaomba muyashike yote mawili kwa pamoja. Kuna namna ya kumjibu mtoto huyu ambayo huisaidia lugha yake ikue. Wengi wenu mnayo tayari bila kujijua. Wengine mliwahi kuwa nayo, mkaiacha kwa hofu, kwa sababu mliambiwa mtoto lazima afundishwe, lazima alazimishwe, lazima aseme.

Nitawasimulia.

Kuna babu mmoja, nahodha mstaafu. Mjukuu wake alikuwa na miaka minne, na hakuwa na neno hata moja. Mama wa mtoto, kwa uchungu wake, alinunua kadi za picha. Tembo, treni, tufaha. Kila jioni amketisha mtoto: "Hii nini? Sema tembo. Sema! Nitazame, sema tembo." Mtoto anageuza uso anatazama dirishani.

Dirishani kuna nini? Nyumba yao iko upande wa pwani. Kuna mashua zinapandisha tanga. Mtoto yule alipenda namna kamba inavyopita kwenye roda, lile gurudumu dogo la kupandishia tanga, na roda inavyozunguka. Angeweza kuitazama kutwa. Watu wa nyumbani walikuwa wakimwondoa dirishani, wakidhani kule kutazama ndio maradhi yenyewe.

Babu hakuwa amesoma chochote kuhusu usonji. Alitafuta roda kuukuu, akaifunga kwenye boriti ya uani, akapitisha kamba, akakaa kitako kando ya mtoto. Mtoto akivuta, babu asema: "Vuta." Kamba ikienda juu: "Yapanda." Ikirudi: "Yashuka." Ikigoma: "Imekwama!" Basi. Hakumwambia sema. Hakumshika kidevu ili amtazame. Jioni nyingi zikapita hivyo, na jirani wakiona mzee anapoteza wakati. Hata siku moja kamba ikakwama wakati babu anazungumza na mgeni, hakusema kitu. Mtoto akamshika mkono, akasema: "Kwama."

Kwa nini "kwama", na si "tembo"?

Fikirini mtoto anavyojifunza neno. Mtoto wa kawaida ukisema "paka", huyafuata macho yako, huona unachokitazama, hulifunga neno na kitu. Kwa mtoto mwenye usonji, kuyafuata macho ya mwenzake ni kazi nzito. Ukimtajia tembo na macho yake yako kwenye kamba, neno linapotea, au linagandishwa pasipo pake. Yeye haji ulipo. Nenda wewe alipo. Mtajie anachokishika, anachokitazama, kile anachokitenda dakika ile ile, na neno litakuta mlango umeshafunguliwa.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2002 Michael Siller na Marian Sigman, kutoka California, walichapisha utafiti wao. Waliwatazama wazazi wakicheza na watoto wao wadogo, wakapima ni kiasi gani maneno na vitendo vya mzazi vinalandana na kile mtoto anachoshughulika nacho wakati huo, bila kumvuta kwenda kwingine. Kisha wakafuatilia lugha ya watoto wenye usonji. Waliitazama baada ya mwaka 1, baada ya miaka 10, baada ya miaka 16. Watoto ambao wazazi wao walikuwa wakilandana nao zaidi ndio waliokwenda mbali zaidi katika lugha. Miaka 16!

Na katika utafiti huo huo kuna jambo ambalo nataka akina mama mlisikie vizuri. Wazazi wa watoto wenye usonji waliwafuata watoto wao sawa na wazazi wa watoto wengine waliokuwa na kiwango hicho hicho cha lugha. Hawakuwa pungufu. Yule bibi wa harusini angeambiwa hilo.

Mwaka 2010 Andrea McDuffie na Paul Yoder nao walichunguza ni majibu ya namna gani yanayotangulia maneno mapya. Walikuta maelezo yanayomfuata mtoto, mfano ule wa babu: "Yapanda." Walikuta pia kulirefusha neno la mtoto: akisema "kamba", wewe sema "vuta kamba". Na walikuta hata amri, lakini amri inayohusu kile alichokwisha kukishika. Kwa hiyo sisemi msiwaamrishe watoto. Kumwambia "vuta" aliyeshika kamba ni kumsaidia. Kumwambia "acha kamba, njoo useme tembo" ni kumvunjia safari.

Na urefu wa sentensi je? Fupi, lakini iwe Kiswahili kamili. "Maji yamemwagika" ni fupi ya kutosha. Hana haja ya kusemeshwa lugha iliyokatwakatwa.

Nije kwenye jambo la pili, nalo ni la nyumba zetu hasa.

Nyumba zetu zina watu. Bibi yumo, shangazi yumo, dada wakubwa wamo, na mtoto huyu kila mtu amhurumia. Kuna nyumba moja, mtoto wa kike wa miaka mitatu, mdogo wa dada watano. Akielekeza uso tu jikoni, tayari uji umeshafika. Akikunja uso, viatu vimevuliwa. Dada zake wanampenda kweli, na mapenzi yao yamekuwa ya haraka mno, hata mtoto hajawahi kupata nafasi ya kuomba. Na vile visauti vyake vidogo, "mm", "aa", "ba", hakuna aliyevijibu, kwa kuwa kila mtu alikuwa akingoja neno.

Mwaka 2014 Anne Warlaumont na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa vinasa sauti vidogo ambavyo watoto walivivaa kutwa nzima, majumbani mwao. Walikuta mzunguko. Mtoto akitoa sauti inayofanana na usemi, mtu mzima huwa mwepesi zaidi kumjibu. Na mtoto aliyejibiwa huwa mwepesi zaidi kutoa sauti nyingine ya namna hiyo. Kwa watoto wenye usonji mzunguko huo ulikuwa dhaifu: sauti zao za usemi zilikuwa chache, na majibu ya watu wazima hayakuzitofautisha sana na sauti nyingine.

Mwaona hatari iko wapi? Mtoto ananyamaza, nasi twanyamaza. Twanyamaza, naye azidi kunyamaza. Hakuna aliyekosa, na kimya kinakua. Mtu mzima ndiye mwenye uwezo wa kuukata mzunguko huo.

Tunaukata vipi? Kwanza kwa kungoja. Uji umo kikombeni, kikombe kimo mkononi mwako, mtoto anakuona. Usiseme kitu. Mtazame kwa uso mkunjufu, uhesabu polepole moyoni mpaka tano, mpaka kumi. Akitoa sauti, akinyoosha mkono, akikugusa, akikitazama kikombe kisha wewe, hilo ni neno lake. Lijibu papo hapo: "Wataka uji! Uji huu hapa." Na mpe. Msimfanyie mtoto mtihani akiwa na njaa, msimzuilie chakula mpaka aseme. Mngojee kidogo, na kidogo chochote atakachokuleteeni, kipokeeni kwa furaha.

Dada wale watano walifundishana. Ilikuwa vigumu kwao kuliko kwa mtoto. Leo mtoto yule huvuta kanga ya dada yake na kusema "ji", na nyumba nzima yajua.

Sasa kuna watoto ambao hawanyamazi hata kidogo, lakini maneno yao ni ya kurudia. Wazazi wao huja kwangu wakiwa wamevunjika moyo zaidi. "Mwalimu, asema kama kasuku, hajui asemalo."

Je, hajui kweli? Kuna baba mmoja mwanawe alikuwa akisema mchana na usiku: "Mokowe, Mokowe, watu wawili tu!" Mmeshayasikia maneno hayo gatini, vijana wa boti wakiita abiria wa kuvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara. Baba alikuwa akimnyamazisha, hasa wakiwapo wageni. Nikamwomba kitu kimoja: usimnyamazishe, mwangalie anasema wakati gani. Akamwangalia. Mtoto alikuwa akisema akiwa amesimama karibu na mlango. Akisema viatu vikiwa mkononi. Alikuwa akiomba kutoka. Safari yake aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya boti, na maneno aliyoyakuta kwenye safari ile akayachukua mazima, akayafanya ya kuombea.

Mtoto wa namna hii huokota sentensi nzima kwanza, kisha huivunja vipande taratibu. Kumnyamazisha ni kumnyang'anya alicho nacho. Mpe lile neno analolihitaji, ulitamke kama ambavyo yeye mwenyewe angelisema: "Nataka kutoka. Twende nje." Baba yule akafanya hivyo kila mara, na akamfungulia mlango kila alipoweza. Baada ya muda mtoto akasema: "Twende Mokowe." Ni sentensi yake mwenyewe, hakuisikia gatini. Masheikh na walimu wa madrasa, hili linawahusu nanyi pia. Mtoto anayeikariri sura yote bila kujibu jina lake akiitwa, msimkate. Anzeni pale anapopapenda.

Nipite haraka kwenye mambo mawili ambayo huulizwa kila mara.

La lugha. Wazazi wengi wameambiwa wamsemeshe mtoto Kiingereza peke yake, ati lugha mbili zitamchanganya. Tafiti zilizowalinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili, kama ule wa Catherine Hambly na Eric Fombonne wa Kanada mwaka 2012, hazikukuta kwamba lugha mbili zinawarudisha nyuma. Na mimi nawauliza: mama asiyeota kwa Kiingereza atamfuataje mwanawe kwa Kiingereza, dakika kwa dakika, kwa wepesi na kwa mapenzi? Msemesheni kwa lugha ya nyumbani. Kama nyumbani mwasema "ndoo" na kitabu cha shule chasema "njoo", mwiteni kwa "ndoo". Wa Kibajuni na waseme Kibajuni.

La picha na ishara. Waogopa ukimfundisha kuonyesha picha hatasema. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2006 na 2008 hazikukuta kwamba picha na ishara huzuia usemi, na baadhi ya watoto usemi wao uliongezeka kidogo. Mpeni.

Sasa nataka niseme nanyi kwa ukweli, maana mmeshadanganywa mara nyingi na wauzaji wa dawa.

Kufuata na kujibu hakuondoi usonji. Uingereza walifanya jaribio kubwa, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010: watoto 152 wa umri wa chekechea, London, Manchester na Newcastle. Karibu nusu ya wazazi walirekodiwa kwa video wakicheza na watoto, kisha wakaitazama video pamoja na mtaalamu na kuona wenyewe pale walipomfuata mtoto na pale walipompita. Nyumbani walitakiwa wafanye kama nusu saa kila siku. Wazazi walibadilika sana. Watoto walianza wao wenyewe kuwaendea wazazi na kuanzisha mazungumzo. Lakini dalili za usonji, kwa kipimo cha mtaalamu, hazikupungua kiasi cha kutangazwa wakati ule. Walipofuatiliwa miaka kama sita baadaye, habari iliyotoka mwaka 2016, ndipo tofauti ya dalili kati yao na wale ambao wazazi wao hawakufundishwa ikaonekana, ingawa kwa vipimo vya lugha peke yake tofauti haikuwa wazi. Na katika jaribio jingine la Siller na wenzake, la watoto 70, waliofaidika katika kusema ni wale walioanza na lugha ndogo kabisa. Kwa hiyo mwenye mtoto asiye na neno, usijitoe ukidhani mafunzo haya ni ya wengine.

Na msiseme haya ni ya Ulaya. Njia ile ya video ya Uingereza ilipelekwa Goa kule India na Rawalpindi kule Pakistani, ikafundishwa na wahudumu wa afya wa kawaida, wasiokuwa mabingwa, nyumbani kwa watu. Wazazi nao wakajifunza kuwafuata watoto. Tuna wahudumu wa afya wa jamii hapa Lamu. Wana miguu, wanazijua nyumba zetu, wanaingia mpaka vyumbani. Kwa nini wasifundishwe? Hili nimelisema kwa wakubwa na nitaendelea kulisema.

Je, mwanangu atasema? Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2013 uliwatazama watoto 535 wenye usonji waliokuwa nyuma sana kwa lugha walipofika miaka minne. Asilimia 70 walifikia kusema kwa vifungu vya maneno, na asilimia 47 walisema kwa ufasaha. Mlango haufungwi mtoto anapotimiza miaka minne, asikudanganye mtu. Wako pia ambao hawatasema kwa mdomo. Huyo naye ajibiwe. Mkono wake unapokuvuta, jibu. Picha anapoileta, jibu. Ana haki ya kujibiwa sawa na mwenye maneno elfu.

Nimalizie na kazi, kwa sababu sikuwaita kusikiliza tu.

Mtoto ambaye hajapimwa masikio, apimwe hospitali kabla ya jambo lingine lolote, kwa maana kutosikia kunaweza kufanana na haya. Kisha mpelekeni akafanyiwe tathmini ya elimu, na msingoje afike darasa la kwanza. Ukiambiwa "baba yake naye alichelewa", itikia kwa heshima, na umpeleke.

Wiki hii, kila nyumba ichague wakati mmoja wa mtoto: kuoga, uji, kamba, mchanga, chochote anachokipenda yeye. Televisheni izimwe. Mtu mmoja tu akae naye, chini, uso kwa uso. Msiulize swali lolote. Tajeni anachofanya, ngojeni, jibuni. Na mtu mwingine arekodi kwa simu dakika tano. Baba, hapa ndipo pako. Baraza itakungoja. Mkiwa peke yenu itazameni ile video, mtafute pale mtoto alipoleta kitu, hata jicho tu, mkakiona. Mtashangaa ni mara ngapi. Mkija tena, leteni simu hizo, tutazitazama moja moja pamoja. Hazitapelekwa popote.

Walimu wa chekechea watabaki upande wa kulia tupange ratiba ya madarasa. Akina mama wanaotaka kuzungumza faragha, kile chumba cha nyuma kiko wazi, na mimi nipo hapa mpaka Magharibi.